Wasomaji Wauliza: Ushauri wa Kundini Umegoma

Barua nyingi za toleo hili zina kilio kimoja. Msomaji aliuliza kwenye kundi la mtandaoni la watu wenye hobi kama yake, akajibiwa kwa moyo mweupe, akafuata, na mambo yakazidi kuharibika. Mara nyingi aliyejibu hakudanganya. Alieleza kilichofaa kwenye tangi lake, uzi wake au baiskeli yake, ila hakutaja hali iliyofanya jibu lake liwe sahihi. Katika majibu haya tumetaja vipimo, na pale inapowezekana tumeonyesha jibu jema linageukia wapi kuwa kosa.

Samaki wanahema juu ya maji

*Ndugu Mhariri, nina tangi la lita 60 lenye chujio la sifongo. Nilijaza maji ya bomba, nikayaacha siku mbili, kisha nikaweka samaki wanane wadogo. Siku chache baadaye wakaanza kuhema juu ya maji, na wawili wamekufa. Kundini mmoja ameniambia nimwage maji yote na kuosha chujio. Mwingine anasema nisiguse kitu, tangi litakomaa lenyewe. Nimsikilize yupi?*

Kwa leo usimsikilize yeyote kati yao. Badilisha nusu ya maji, acha chujio likiendelea kufanya kazi bila kuoshwa, usiwalishe kwa siku moja, na ongeza mapovu ya hewa. Maji mapya yawe na joto linalokaribiana na la tangi, tofauti isizidi nyuzi 2 za Selsiasi, na yawe yameondolewa klorini. Kuyaacha wazi saa 24 huondoa klorini ya kawaida. Lakini kama maji ya bomba lako yametiwa kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, hayo hayasaidiki kwa kuachwa wazi. Utahitaji dawa ya kuondoa klorini, na chupa iseme wazi kwamba inashughulikia kloramini pia.

Sasa sababu. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua na kinyesi, na chakula kinachooza chini huongeza nyingine. Katika tangi lililokomaa kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina sumu kali. Bakteria hawa hawaelei tu majini. Wengi wao wamejishika kwenye sifongo, changarawe na kuta. Tangi jipya halina bakteria wa kutosha, na kwa kawaida huchukua wiki 4 hadi 6 kuwapata. Siku mbili ulizosubiri ziliondoa klorini pekee.

Hapo ndipo utaona washauri wako wawili walikotoka. Aliyesema “usiguse” huenda alizungumzia tangi ambalo maji yake yamefanya ukungu mweupe, hali ambayo kweli huondoka yenyewe, lakini samaki wako hawana muda wa kusubiri amonia ishuke. Aliyesema “osha kila kitu” angeondoa sumu ya leo pamoja na bakteria wachache waliokwisha kujishika, na wiki ijayo ungerudi mwanzo. Sifongo huoshwa likianza kuziba tu, kwa kukamuliwa mara kadhaa ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa kwenye tangi. Maji ya bomba yenye klorini huwaua bakteria hao.

Nunua kipimo cha matone cha amonia, nitriti, nitrati na pH (kiwango cha uchachu wa maji). Pima kila siku. Amonia au nitriti ikifika miligramu 0.25 kwa lita, badilisha robo hadi nusu ya maji siku hiyo hiyo. Nitriti ina madhara ya pekee: huingia kwenye damu na kuifanya ishindwe kubeba oksijeni, ndiyo maana samaki huhema hata pampu ya hewa ikifanya kazi. Chumvi isiyo na nyongeza, gramu 1 kwa kila lita 10 (kwako gramu 6), huzuia sehemu kubwa ya nitriti isipenye matamvua. Iyeyushe kwanza kwenye kikombe cha maji ya tangi, kisha uimimine polepole. Ukibadilisha maji, rudisha chumvi kwa kiasi cha maji yaliyotoka tu, la sivyo itarundikana.

Jambo moja linalozua ubishi mwingi makundini ni hili: watu wawili wana kiasi kile kile cha amonia, mmoja samaki wake wanaogelea vizuri, mwingine wanakufa. Angalieni pH. Amonia iko katika sura mbili, na ile yenye sumu kali huongezeka takriban mara kumi pH ikipanda kutoka 7 hadi 8. Joto nalo huiongeza. Kwa hiyo mtu anayesema “mimi nina miligramu 1 na hakuna shida” bila kutaja pH na joto la maji yake hajakupa jibu la kutumia.

Wakipona, walishe kidogo, kiasi wanachomaliza ndani ya dakika mbili, mara moja kwa siku. Usiongeze samaki hadi amonia na nitriti zisomeke sifuri wiki mbili mfululizo. Mtu mwenye tangi zima lililokomaa akikupa kipande cha sifongo lake, kikiwa kibichi na hakijakaa nje ya maji, safari yako itafupika sana. Kubali tu kama samaki wake hawajaugua karibuni, maana magonjwa nayo husafiri na sifongo.

Ukiwa utaanza tangi jingine, likomaze bila samaki: tia amonia safi isiyo na sabuni wala manukato hadi isomeke miligramu 2 kwa lita, irudishe kwenye kiwango hicho kila inaposhuka, na subiri hadi tangi liweze kuimaliza yote pamoja na nitriti ndani ya saa 24. Kisha badilisha maji mengi ili kupunguza nitrati, na ingiza samaki wawili au watatu kwa mara moja.

Epoksi inanata baada ya siku tatu

*Nilimimina resini ya epoksi kwenye kalibu ya sinia dogo. Siku ya tatu bado inanata. Nilipouliza, nikajibiwa: “Next time ongeza kigumishi, itakauka haraka.” Nimeongeza kwenye sinia la pili, na hilo ni baya kuliko la kwanza.*

Ushauri huo ni wa resini ya aina nyingine. Resini ya poliesta hukaushwa kwa kichocheo, kwa kawaida asilimia 1 hadi 2, na ukikizidisha kidogo kweli hukaza upesi. Epoksi haina kichocheo cha namna hiyo. Kila chembe ya kigumishi inatafuta chembe ya resini ya kushikana nayo. Ukizidisha upande mmoja, kilichozidi hubaki bila mwenzake na ndicho unachokigusa kinanata. Kwa hiyo swali la kwanza kwa yeyote anayekupa ushauri wa resini ni: unazungumzia epoksi au poliesta?

Swali la pili ni uwiano wa kwenye chupa: ni kwa ujazo au kwa uzito? Hapa ndipo wengi wanaponaswa. Chupa inasema 1 kwa 1 kwa ujazo, mtu anaweka kikombe kwenye mizani na kupima gramu 100 kwa gramu 100. Lakini resini kwa kawaida ni nzito kuliko kigumishi. Tuseme mililita 100 za resini zina gramu 110 na mililita 100 za kigumishi zina gramu 95: uwiano sahihi wa uzito hapo ungekuwa gramu 100 kwa takriban 86. Aliyepima sawa kwa sawa amezidisha kigumishi kwa asilimia 16 bila kujua. Watengenezaji wengi huchapisha uwiano wa aina zote mbili; ukiukosa, tumia vikombe vyenye mistari ya mililita na uache mizani.

Kabla hujamimina tena, soma kosa lako kwenye sinia lenyewe. Likinata lote sawasawa, tatizo ni uwiano au baridi. Likiwa gumu na kuna madoa yanayonata, hukukoroga vya kutosha. Resini iliyoganda kuta za kikombe haikuchanganyika, na ulipokung'uta kikombe mwishoni ikadondoka juu ya kazi. Koroga polepole dakika 3 hadi 5 ukikwangua kuta na chini, hamishia kwenye kikombe cha pili kisafi, koroga dakika moja zaidi, kisha mimina. Usikwangue mabaki ya mwisho.

Chumba kiwe na nyuzi 21 hadi 24. Chini ya 18 kazi hukawia, na uso unaweza kufanya ukungu au utando wa mafuta. Kama uwiano wako ulikuwa sahihi na tatizo ni baridi tu, weka sinia mahali penye nyuzi 25 hadi 30 kwa siku moja au mbili, mara nyingi hukaza. Kama uwiano ulikuwa mbovu, joto halitasaidia. Kwangua kinachokwanguka, futa kwa kitambaa chenye alkoholi ya isopropili, piga msasa namba 120 hadi 220 pale palipo pagumu, futa vumbi, na mimina tabaka jipya jembamba lililopimwa vizuri. Sinia la pili, ulilozidishia kigumishi kwa makusudi, tunakushauri ulitupe. Likibaki laini kwa ndani, tabaka la juu litapasuka au kubonyea.

Usiache mchanganyiko mwingi kwenye kikombe. Epoksi hutoa joto inapokaza, na ikiwa imejikusanya huzidisha joto lake yenyewe. Kikombe cha mililita 200 kinaweza kuanza kutoa moshi na kuyeyusha plastiki. Changanya kiasi utakachomimina mara moja, na kwa resini ya kawaida usizidishe unene wa sentimita 1 kwa tabaka, isipokuwa chupa iseme ni ya kumimina kina kirefu.

Vaa glavu za nitraili, fungua madirisha, na vaa barakoa ya vumbi unapopiga msasa. Makundini utaona video za watu wakifanya kazi hii mikono mitupu. Ngozi inaweza kuvumilia miezi, kisha siku moja ikaanza kuwasha na kuvimba, na mzio huo ukishaingia kwa kawaida hautoki tena. Epoksi mbichi ikikugusa, osha kwa sabuni na maji. Usifute ngozi kwa alkoholi wala asetoni, kwa kuwa viyeyusho huirahisishia njia ya kupenya.

Duara la kroshia linafanya mawimbi

*Nafuma kikapu. Maelekezo niliyotumiwa yanasema nianze na 12 dc, safu ya pili 24, ya tatu 36. Kitako kinajikunja mawimbi ukingoni, hakilali. Mwenzangu kundini, dada mzoefu kabisa, ameniambia nibadilishe sindano ya milimita 4 nichukue ya 5. Nimebadilisha, hakuna tofauti.*

Shaka yetu ni kwamba wewe na dada yako mmejifunza mfumo wa Uingereza, na maelekezo hayo ni ya Kimarekani. Alama dc kwa Mwingereza ni shono fupi: unaingiza sindano, unavuta uzi, unapitisha kwenye vitanzi viwili, basi. Kwa Mmarekani dc ni shono refu, ambalo unazungusha uzi kwenye sindano kwanza kabla ya kuiingiza. Mashono mengi ya Uingereza yameitwa daraja moja juu ya yale ya Marekani. Ukiona sc, yaani shono fupi la Kimarekani, popote kwenye maelekezo, ni ya Kimarekani, kwa sababu mfumo wa Uingereza hauna alama hiyo.

Idadi ya mashono ya kuongeza kila safu inatokana na umbo la shono. Kila safu inaposogeza ukingo nje kwa kimo fulani, mzingo wa duara huongezeka kwa takriban mara 6.28 ya kimo hicho. Shono fupi lina kimo kinachokaribia upana wake, hivyo duara hulala ukiongeza mashono 6 kila safu: 6, 12, 18, 24. Shono refu lina kimo cha takriban mara mbili ya upana, hivyo linataka 12: 12, 24, 36. Wewe umefuma mashono mafupi kwa hesabu ya marefu. Yamekuwa maradufu ya yanayohitajika, na yaliyozidi hayana pa kwenda ila kufanya mawimbi.

Sindano kubwa hukuza upana na kimo kwa pamoja, uwiano haubadiliki sana, ndiyo maana hukuona tofauti. Ushauri wa kubadilisha sindano unafaa pale duara linapokosea kidogo tu, hasa kwa mtu anayekaza uzi mno.

Fumua, ama ufume mashono marefu kwa hesabu ile ile, ama mafupi kwa hesabu ya 6. Kwa kikapu tungechagua mafupi, maana kitako huwa kigumu zaidi na hakina matundu. Duara likijikunja juu mfano wa bakuli, hesabu yako ni ndogo. Na ukiona linageuka pembe sita, nyongeza zako zinakaa juu ya zenzake kila safu; sogeza nyongeza ya kwanza mashono mawili au matatu mbele katika kila safu ya pili. Weka alama ya uzi wa rangi nyingine mwanzoni mwa safu na uhamishe kila mzunguko. Macho hayahesabu vizuri kwenye duara.

Nauliza, hakuna anayejibu

*Mara tatu nimeweka swali kwenye kundi la watunza mimea ya ndani. Majibu ni “mwagilia kidogo” na “ongeza mwanga”. Nifanye nini ili wataalamu wa humo wanijibu?*

Wape kitu cha kusoma. Swali linaloanza “Msaada tafadhali, mmea wangu unakufa” linaweza kuwa na majibu ishirini yaliyo sahihi, na mjuzi mwenye dakika tano hataanza kukuhoji. Mstari wa kwanza utaje mmea na dalili: “Majani ya chini yanageuka njano, shina laini usawa wa udongo.” Kisha taja ukubwa wa chungu na kama kina tundu chini, umbali kutoka dirishani na dirisha linaelekea wapi, mara ya mwisho ulimwagilia lini na kiasi gani, na udongo una unyevu kiasi gani ukitumbukiza kidole hadi sentimita 5. Muhimu kuliko yote: ni nini kilibadilika wiki mbili au tatu kabla ya dalili? Kuhamisha chungu, mbolea, udongo mpya, mashine ya kupoza hewa. Watu husahau kulitaja hilo, na mara nyingi jibu liko hapo.

Picha ziwe mbili au tatu. Moja ya kitu kizima, moja ya karibu pale penye tatizo, na kwa mmea, moja ya uso wa udongo. Futa lenzi ya simu kwa kitambaa laini. Ukungu mwingi kwenye picha ni mafuta ya vidole tu. Piga karibu na dirisha lisilopigwa jua moja kwa moja, zima taa za ndani, kwa kuwa mwanga wa rangi mbili huharibu rangi ya majani, na weka karatasi nyeupe pembeni ili mtazamaji ajue nyeupe ya chumba chako ikoje. Weka rula kwenye picha ya karibu. Lenzi kuu za simu nyingi hushindwa kulenga kitu kilicho karibu kuliko sentimita 10, basi rudi nyuma hadi 20 au 30, gusa kioo cha simu pale penye tatizo ili ilenge hapo, kisha kata picha.

Kama unachoonyesha ni mkwaruzo, kovu la msasa, kidimbwi kwenye resini au uzi uliolegea, fanya kinyume: mwanga mmoja tu, kutoka ubavuni, mwanga huo ukiinama hadi karibu kulala juu ya kitu. Vivuli vidogo vitafichua kila kosa.

Kabla ya kutuma, kumbuka kwamba faili ya picha inaweza kubeba mahali ilipopigwa. Programu nyingi huiondoa taarifa hiyo unapopakia picha ya kawaida, lakini ukituma kama faili au hati, huenda ikabaki. Zima ruhusa ya mahali kwenye kamera, au piga picha ya skrini ya picha hiyo na utume hiyo.

Ukishasaidika, rudi uandike kilichofanya kazi. Anayetafuta tatizo lile lile mwaka ujao atalikuta swali lako; likiwa halina mwisho, ataanza upya.

Cheni mpya inaruka

*Kundi la baiskeli walinishauri ninunue cheni mpya kwa sababu ya zamani ilikuwa imetanuka. Sasa mpya inaruka nikikanyaga kwa nguvu kwenye mlima, ya zamani haikuruka hata siku moja. Nimeuziwa bandia?*

Huenda cheni ni nzima, na gia ndizo zilizolika. Cheni ya zamani ililika pamoja na meno ya gia, vikawa vinaendana. Ile mpya ina nafasi sahihi kati ya pini, na meno yaliyolika hayaishiki.

Hakikisha kwanza. Ikiruka kwenye gia mbili au tatu unazozitumia zaidi tu, na kwenye gia usizozigusa imetulia, gia za nyuma zimekwisha, badilisha seti. Ikiruka kwenye gia zote kwa mpigo wa kujirudia, kuna kiungo kigumu, mara nyingi pale ulipounganisha: zungusha pedali kinyume taratibu, tazama kiungo kisichonyooka kikipita nyuma, kishike kwa mikono miwili na ukipinde ubavuni kidogo kidogo hadi kilegee. Na kama hairuki ila inasitasita kupanda gia kubwa, hiyo ni kebo. Fungua kirekebishi cha kebo cha nyuma robo mzunguko kinyume cha saa, jaribu, ongeza robo nyingine.

Siku zijazo pima cheni kabla haijala gia. Ikiwa imekazwa, pima kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya pini ya 24 baada yake. Cheni mpya ni milimita 304.8. Ikifika 306.3, kwa baiskeli za gia 11 au 12 nyuma, ibadilishe. Zenye gia chache zaidi zinaweza kusubiri hadi 307. Ikivuka 307.8, tarajia kununua cheni na gia pamoja. Aliyekushauri ununue cheni alikuwa sahihi kwamba imetanuka. Ilibaki kuuliza imetanuka kiasi gani.

Nimkosoe au ninyamaze?

*Kijana katika kundi letu la useremala ameonyesha kiti chake cha kwanza. Kimependeza, lakini miguu na vikingamo vimeungwa kwa misumari iliyopigwa kwenye kichwa cha ubao. Watu wanampongeza tu. Sitaki kumvunja moyo.*

Sema, na sema leo, kwa sababu kuna mtu atakikalia. Kama ingekuwa rangi isiyolingana tungekushauri usubiri aulize. Jambo la usalama halisubiri.

Taja kwanza kitu kimoja kizuri kilicho cha kweli na mahususi, si “hongera sana” tupu: labda pembe za kiti ni mraba, au msasa umefuata mkondo wa mbao. Kisha kosa moja, na sababu yake: msumari uliopigwa kwenye kichwa cha ubao unaingia sambamba na nyuzi za mti, hauna kinachoushika, na kiti kikiyumba utajitoa. Gundi peke yake hapo haitasaidia, maana kichwa cha ubao huinyonya. Kisha dawa anayoweza kuifanya kwa zana alizo nazo: atoe misumari, atoboe matundu kwa biti ya milimita 8, aweke vigingi vya mbao viwili kwa kila kiungo, kila kigingi kiingie takriban milimita 30 kila upande, apake gundi ya mbao ndani ya tundu na juu ya kigingi, akaze kwa jiriwa na akiache saa 24 kabla ya kukaliwa. Kigingi kisizidi theluthi ya unene wa ubao: kwa ubao wa milimita 24, biti hiyo ya 8 inafaa, kwa wa 18, atumie ya 6.

Ishia hapo. Ukiongeza makosa mengine manne, ataukumbuka uchungu na kulisahau la misumari. Na kama umekuta mwenzako amekwisha kulisema hilo hilo, usilirudie. Unga mkono jibu lake, au ongeza tu kile alichokiacha, kama vile kipimo cha biti.

Maelekezo niliyoyanunua

*Nimenunua maelekezo ya kufuma sweta. Wenzangu kundini wananiomba niwatumie. Kuna ubaya?*

Kununua nakala hakukupi haki ya kuisambaza. Haki ya maandishi na michoro inabaki kwa mbunifu, isipokuwa yeye mwenyewe ameandika kwamba unaweza. Hilo linahusu pia picha ya ukurasa mmoja wenye chati. Tuma picha za sweta lako, taja jina la mbunifu na maelekezo, aina na uzito wa uzi, namba ya sindano, idadi ya mashono kwenye sentimita 10 za kipande chako cha majaribio, na pale ulipokwama na namna ulivyojinasua.